Kenge Hakukimbia Vita

Nikisema utotoni nilikuwa na rafiki kenge, watu hucheka. Kwetu Pwani kenge ni tusi. Mtu asiye na haya huitwa kenge, na akiitwa hivyo hutafuta jiwe. Wacheke tu, sijali. Vita vilipoingia Likoni nilikuwa na miaka tisa, na watoto wote niliokuwa nikiruka nao kamba walibebwa na wazazi wao wakaenda zao, wengine bila hata viatu. Aliyekuwa akija kwetu kila asubuhi alikuwa ni yeye, na miguu yake minne iliyopinda na ulimi wake wa ncha mbili. Sina neno jingine la kumwita ila rafiki.

Tulikaa Mtongwe, upande wa mteremko unaoshuka hadi kwenye mikoko. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, na aliyeijenga ni mama. Udongo wa kuta zile aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, mimi nikiwa tumboni. Mama ni Mgiriama, wa huko ndani Kaloleni. Baba alikuwa mtu wa bara, wa ziwani, kibarua wa bandarini, mrefu hata ikambidi ainame kila alipoingia mlangoni. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha jirani yetu, mjane wa Kidigo, ambaye marehemu mumewe ndiye aliyempa mama ruhusa ya kujenga. Bibi huyo alikuwa mkunga, na ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Lakini msidhani tulipendana. Yeye na mama walikuwa wakigombana tangu nipate akili. Maji yetu ya kufulia yalipita mbele ya jiko lake, na kila Jumamosi tulisikia sauti yake ikipanda: "Mwanifanya mimi shimo la taka!" Mama naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Vita vyenyewe havikuwa vya ndege na vifaru. Vilianza kwa karatasi. Tuliamka siku moja tukakuta zimebandikwa kwenye ukuta wa duka na kwenye milango ya baadhi ya nyumba: watu wa bara warudi kwao. Watu walisoma, wakacheka kidogo, wakaenda kazini. Siku chache baadaye, jioni, tuliona moshi upande wa kivukoni, kisha moshi mwingine karibu zaidi, na watu wakaanza kupita mbio barabarani, magodoro vichwani. Baba alikuwa ng'ambo ya maji, kazini bandarini. Kivuko kikasimama, naye akabaki huko huko. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Hatukujua kama yu hai.

Asubuhi yake alikuja mwanamke mmoja tuliyesali naye, mtoto mgongoni, jicho limemvimba kwa moshi.

"Twende kanisani," akamwambia mama. "Watu wote wako kule. Wanalala uwanjani, lakini wako wengi, na padri ameahidi chakula."

"Nikifika huko nitaitwa nani?" mama akauliza. Alikuwa akimenya muhogo, hata hakuinua kichwa.

"Utaitwa mkimbizi kama sisi sote."

"Mkimbizi? Mtongwe? Mimi?" Akatupa muhogo kwenye sufuria, maji yakaruka. "Siendi popote. Atakayenitoa hapa anitoe pamoja na kuta."

Yule mwanamke alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, akaondoka bila kuaga. Siku ile nilimchukia mama. Nilitaka kwenda walikokwenda wenzangu, kulala uwanjani, kupewa uji kwenye foleni. Nilidhani ushupavu wake ungetuua. Leo nina umri mkubwa kumshinda yeye wakati ule, na bado sijui kama alikuwa na haki ya kuniweka mle ndani. Ninachojua ni kwamba hakutetereka, na mimi nilijifunza hilo kwa kumtazama kwa karibu.

Katika safu yetu zilikuwa nyumba saba. Zilizobaki na watu ni mbili tu: yetu na ya bibi jirani. Mbwa walikuwa wamewafuata wenye nyumba. Kuku waliachwa, wakawa wanazurura na kutaga ovyo. Kimya kilichokuwapo mchana kilikuwa kizito kuliko kelele. Mama alinikataza kuvuka barabara, lakini hakunikataza kuingia nyuma ya nyumba za majirani, na huko ndiko nilikomwona, siku ya nne.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mayai katika jiko la jirani aliyekimbia. Nikasikia kucha zikikwaruza sakafu. Nikachungulia. Alikuwa mrefu kunipita mimi nikilala chini, mkia ukihesabiwa, mweusi-mweusi, na madoa ya manjano yaliyojipanga mgongoni kama yametiwa kwa kidole. Mdomoni alikuwa na yai. Aliinua kichwa juu, akalivunja, akalimeza pamoja na ganda, ute ukimchirizika kidevuni. Kisha akaniona. Nami nikamwona.

Tulifundishwa kwamba kenge akikuuma hakuachi mpaka punda alie, na safu yetu haikuwa na punda. Nilipaswa kupiga kelele. Lakini kwa siku nne nilikuwa nimeambiwa nisipige kelele, nisiwashe redio, nisiimbe, nisicheke kwa sauti. Nikakaa kimya. Yeye akatoa ulimi, akaurudisha, akatoa tena. Halafu akageuka taratibu, bila haraka yoyote, kama mwenye nyumba aliyemaliza kula, akatoka kwa tundu la maji na kushuka kuelekea kwenye mikoko.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze nilikuwa na la kufikiria ambalo halikuwa baba.

Mvua za mchoo zilikuwa zimenyesha, zile nyepesi za katikati ya mwaka, na konokono wakubwa walikuwa wamejaa kwenye kuta na chini ya migomba. Nikawaokota, nikawatia kwenye kopo tupu la rangi. Siku ya tano nilimwekea watatu mlangoni mwa lile jiko, nikakaa mbali. Aliwala wote, magamba yakivunjika kinywani mwake kama mtu atafunaye kashata. Siku ya sita nilikaa karibu kidogo. Siku ya nane nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na kati yangu na yeye palikuwa na hatua mbili tu. Nikatikisa kopo, konokono wakagongana ndani, naye akainua kichwa. Kuanzia siku hiyo, nikitikisa kopo alikuja.

Sisemi alinipenda. Sijui kama kenge ana mahali pa kuweka mapenzi. Mimi nilimpenda, na hilo linanitosha. Akishiba alijinyoosha juu ya mabati yaliyoanguka, jua likimchoma, macho nusu yamefumba, nami nikakaa hapo kumsimulia. Nilimwambia baba ana kovu kwenye goti. Nilimwambia mama halali, ananidanganya tu kwamba analala. Nilimwambia nimeona moshi tena upande wa Likoni. Hakuna mtu mzima ambaye ningeweza kumwambia hayo, maana kila mtu mzima alikuwa anataka nisiogope.

Mama alitugundua. Alikuja nyuma kunitafuta akasimama ghafla, mkono kifuani.

"Toka hapo! Huyo ni mnyama mchafu!"

"Hanifanyi kitu, mama."

Kenge akafumbua jicho moja. Mama akamtazama muda mrefu, jinsi alivyotulia katikati ya nyumba za watu zilizokuwa tupu. Kisha akasema, kama anayezungumza na nafsi yake, "Watu wamekimbia wote. Huyu yuko." Akaenda zake. Baadaye alikuwa akiniachia magamba ya samaki na matumbo yake kwenye kifuu, pembeni, bila kusema ni ya nani.

Wanaume walikuja siku ya kumi, mchana kweupe, wanne, na mapanga. Wawili walikuwa wamefunga vitambaa puani. Mama alikuwa kibarazani anapeta mchele kidogo tuliobakiwa nao. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeshika kanga yake.

"Mumeo yuko wapi?" akauliza aliyetangulia.

"Muulizeni aliyesimamisha kivuko."

"Usitujibu hivyo, mama."

"Nimejibu nilichoulizwa." Akaendelea kupeta. Halafu akamtazama mmoja wa wale waliofunga uso, aliyekuwa nyuma kabisa. "Fundi," akasema, "redio yangu umeimaliza?"

Yule mtu aligutuka. Ni kweli, alikuwa fundi wa redio wa pale dukani, na redio yetu kubwa ilikuwa kwake majuma matatu. Tulibaki na kiredio kidogo cha betri. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. 

Wa mbele akakasirika zaidi. "Wewe hatuna neno nawe. Wewe ni wa hapa. Lakini huyu mtoto ni wa bara. Jina lake la bara, damu yake ya bara. Mtoe aende kwa babake."

"Jina naweza kulibadilisha leo leo," mama akasema. "Damu mtaigawaje? Mtaitoa nusu ya babake na kuniachia nusu yangu?"

Akapeta tena, pumba zikaruka hadi miguuni mwao.  

Hapo ndipo bibi jirani alipotoka kwake. Alikuwa na mkeka kwapani na kikapu cha chane za ukindu za kusukia. Hakukimbia. Alipita katikati ya wale wanaume kana kwamba ni miti, akatandika mkeka mbele ya mlango wetu, akakaa, akanyoosha miguu, akaanza kusuka.

"Asalaam aleikum," akasema.

Wakaitikia. Hata wenye mapanga huitikia salamu.

"Mwatafuta nini katika kiwanja changu?"

"Bibi, hii ni ardhi ya wapwani. Tunawatoa wageni."

"Ardhi hii ni yangu. Niliachiwa na marehemu, na karatasi yake ninayo. Wewe uliilima lini?" Akamkazia macho yule wa mbele. "Na wewe nakujua, hata usingefunua uso. Ulipozaliwa ulitanguliza miguu, mamako karibu afe. Nikakugeuza kwa mikono hii. Wallahi, ningejua ningekuacha hivyo hivyo. Na huyu mtoto nimempokea vilevile, kwa mikono hii hii. Nyote nimewapokea mimi, sikuuliza damu ya nani. Leo ndiyo mwanionyesha mapanga?"

 Mmoja alikohoa. Yule wa mbele akasema, "Tutarudi Ijumaa," lakini alisema huku ameshageuka.

"Karibuni. Nitakuwa hapa," bibi akasema, na hakuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akiusuka.

Walipotokomea mama alikaa chini pale pale, ungo mapajani, mchele umemwagika. "Bibi," akasema, "sijui nikwambie nini."

"Usiniambie kitu. Maji yako ya kufulia bado yanapita jikoni kwangu." Akakata uzi wa chane kwa meno. "Nimegombana nawe miaka tisa, mwanamke. Ukiondoka wewe, nani ataniletea mwengine wa kugombana naye? Nianze upya kumzoea?"

Akawa anakuja kila siku. Baada ya sala ya asubuhi anatandika mkeka wake mlangoni kwetu, anasuka mpaka adhuhuri, anakwenda kusali, anarudi. Mama alimpikia chai, naye akailalamikia kwamba haina tangawizi. Ijumaa wale watu walirudi kweli. Walisimama barabarani, wakamwona, wakanong'onezana, wakapita. Walikwenda kuchoma nyumba ya mwisho ya safu, iliyokuwa tupu. Tulisikia mabati yakipasuka kwa moto. Bibi hakuhama pale alipokaa, ila alinivuta nikae karibu naye, na mkono wake ulikuwa mgumu kama kuni.

Juma lililofuata askari waliwasili. Waliweka kizuizi kwenye njia iteremkayo majini, wakawa wanawapekua watu. Tuliambiwa sasa tuko salama. Kuku waliokuwa wakizurura waliisha kwa siku tatu, na moshi wa nyama choma ukawa unatoka walikopiga kambi.

Sasa, kuku wale walipoisha na mayai yakaisha. Rafiki yangu akaanza kutafuta kwengine. Bibi alikuwa na kuku jike mmoja aliyemficha askari wasimwone, akiatamia mayai kumi na moja chini ya kitanda chake. Asubuhi moja nilisikia ukelele ambao hata siku ya mapanga sikuusikia.

"Wewe mtoto!"

"Abee, bibi!"

Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yetu, panga mkononi, kanga imemwanguka begani. "Yuko wapi? Amekula mayai yote na kuku juu! Yuko wapi mnyama wenu?"

Alikuwa pale pale, juu ya mabati, tumbo limemjaa. Nikasimama mbele yake, mikono nimeinyoosha.

"Nipishe," bibi akasema.

"Sikupishi, bibi."

"Ni wewe unayemlisha. Unamlisha azidi kunifilisi?"

"Ndiyo, ni mimi. Lakini asiuawe."

Mama akatoka mbio. Alipoona mambo yalivyo uso wake ukaanguka. Bibi huyo alikuwa ametuwekea kifua chake mbele ya mapanga, na leo tunamlipa kwa kenge. "Mwanangu, mpishe bibi," akasema. "Ni haki yake."

Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka, lakini nikamwambia: "Wewe mama, ulipoambiwa uondoke, uliondoka?"

 Bibi akanitazama, panga bado liko juu. Kisha akalishusha, akamgeukia mama.

"Kichwa hiki ni chako, mwanamke," akasema. "Hiki usimsingizie babake. Mimi na wewe ndio tuliomfundisha, kwa majuma haya." Akavuta pumzi. "Basi. Hafi. Lakini halali tena hapa. Tutamtoa leo hii, arudi kwao kwenye maji, na akirudi, namla mimi mwenyewe, haramu au halali."

Tulimtega kwa matumbo ya samaki ndani ya gunia la mkaa. Nilitikisa kopo, akaingia kichwa, akaingia mabega, na mama akamsukuma kwa fimbo huku akipiga mayowe, bibi akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya nazi. Gunia lilipiga huku na huku mara tatu, kisha likatulia. Tukapitisha mti kwenye ile kamba, bibi mbele mimi nyuma, tukateremka njia ya majini. Mama alibaki kulinda nyumba; hakuiacha peke yake hata siku moja katika vita vile.

Kwenye kizuizi palikuwa na askari wawili, kijana na mtu mzima kidogo.

"Simama! Mna nini humo?"

"Kenge," bibi akasema.

Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, usinichezee. Nimeuliza mmebeba nini."

"Nami nimekujibu. Kenge."

"Silaha?" akauliza yule mwingine, bunduki akaiweka vizuri. "Watu wa hapa mnawapelekea wenzenu silaha msituni. Weka chini."

Tukaweka chini. Mkubwa akanitazama, nadhani aliona urefu wangu na uso wangu, akaniuliza kwa lugha ya baba yangu kama naielewa. Niliielewa. Aliniuliza ninafanya nini na watu hawa. Nikamjibu kwa Kiswahili: "Huyu ni bibi yangu."

"Fungua gunia," akaamrisha.

"Usifungue, mwanangu," bibi akamwambia kijana kwa upole wa kweli. "Utajuta."

"Nimesema fungua!" mkubwa akamfokea bibi.

"Basi fungueni wenyewe. Mimi mzee, vidole haviwezi kamba."

Kijana akapiga goti, akafungua. Rafiki yangu alitoka kama aliyerushwa. Mkia ulimchapa askari yule kwenye paja, pwaa, akaanguka matako chini, kofia ikabingirika. Mwenzake alirukia juu ya mifuko ya mchanga, bunduki akaiinua juu kana kwamba anavuka maji ya kina. Kenge alipita katikati ya vyungu vyao vya kupikia, akapindua kimoja, akaingia kwenye majani, na tulisikia mikoko ikichakarika, kisha maji, chubwi.

"Nilikwambia kenge," bibi akasema. "Ukaniona muongo."

Yule mkubwa, akiwa bado juu ya mifuko, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Kijana alikuwa akijifuta matako, akilaani kwa lugha tatu. Hawakutuuliza kitu tena. Bibi akakunja gunia lake, kwa sababu gunia ni mali.

Rafiki yangu hakugeuka kunitazama. Nililia njia nzima ya kurudi. Bibi hakunibembeleza. "Lia," alisema, "lakini mti ubebe." Kwa siku nyingi nilishuka hadi karibu na kizuizi na kopo langu. Nilitikisa, sikuona kitu. Watu walianza kurudi, mbwa wakarudi, na nikajua kwamba hata akija nitamfukuza mimi mwenyewe, wasije wakamuua.

Baba alirudi kivuko kilipofunguliwa. Alikuwa amekonda, shati si lake. Alimkumbatia mama, akanishika kichwa, akakaa kitandani, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Fungeni virago. Tunakwenda kwetu."

"Kwetu ni hapa," mama akasema.

"Walikuja na mapanga mlangoni! Nimeambiwa yote."

"Walikuja, wakaenda. Nikienda kwenu, siku moja huko nako wataniuliza kwetu ni wapi. Nitakuwa nakimbia mpaka lini?"

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Baba hakuwa mwoga. Alikuwa ameona mambo kule ng'ambo ambayo hakuwahi kutusimulia. Mwishowe akaniuliza mimi. Nikamwambia mimi siendi. Aliumia, niliona. Akapanga chumba Changamwe, akawa anakuja Jumapili na mkate, anaondoka kabla ya jua kutua. Miezi minane alifanya hivyo. Kisha Jumapili moja akaja na godoro juu ya mkokoteni, na mama alisema tu, "Liingize ndani, mvua inakuja."

Fundi alituletea redio yetu mwenyewe, akaiacha kibarazani bila kubisha hodi. Ilikuwa imetengenezwa. Mama aliitumia, lakini hakumpa tena kitu chake chochote, na walipokutana njiani aliitikia salamu yake na kuendelea na safari. Watu huniambia nimsamehe mtu yule. Sikumbuki kama aliwahi kuomba.

Shule ilipofunguliwa walikuja watu na gari la misaada. Mwalimu wetu alitupanga uwanjani mistari miwili, watoto wa bara huku, watoto wa Pwani kule, eti hesabu iwe rahisi. Watoto wakagawanyika haraka, kama waliofanya mazoezi. Mimi nikabaki katikati ya uwanja.

"Wewe mbona umesimama?" mwalimu akauliza. "Wa wapi wewe?"

"Wa nyumba ile pale, mwalimu." Nikamwonyesha. Paa letu lilionekana vizuri kutoka pale uwanjani.

"Sikukuuliza nyumba. Chagua mstari."

"Siuoni mstari wangu, mwalimu."

Watoto wakacheka. Mmoja akaniita kenge. Mwalimu alinikodolea macho, na nilijua anaweza kunichapa, lakini mama mmoja wa misaada aliyekuwa na daftari akasimama akisubiri, kalamu juu. Nikasimama nami. Jua lilikuwa kali. Mwishowe mwalimu aliandika kitu ambacho sikukisoma, akanipa madaftari mawili na blanketi moja la kijivu, nikaenda nalo nyumbani begani, nikipita katikati ya ile mistari yote miwili.